Friji Niliyouza Imerudi Juu ya Guta

SWALI

Mjomba, shikamoo.

Mimi ni fundi wa friji na vyombo vya umeme, nipo Mwanga, hapa Kigoma mjini. Kazi niliipata kwa kukaa chini ya fundi mmoja wa Ujiji miaka minne. Mwaka wa kwanza wote nilikuwa wa kushika tochi na kutumwa solda. Cheti sina. Mwaka juzi nikachoka kungoja watu waniletee vibovu vyao, nikaanza kuvinunua mwenyewe: friji, feni, tivii, mashine za kufulia kutoka nyumba za wageni na kwa watumishi wanaohamishwa. Natengeneza, nasafisha, nauza. Nina vijana wawili ninaowalipa kwa wiki.

Mwezi uliopita nilimuuzia mama mmoja wa Katonga friji ya milango miwili kwa 280,000. Yeye huwauzia wavuvi maji baridi na barafu. Mimi niliinunua kwa 120,000, spea na gesi zikala 70,000. Nikamwambia, "Mama, hii ni kama mpya." Siku ya 19 akaja nayo juu ya guta, saa nne asubuhi, wateja wamejaa. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Fundi, umeniuzia kabati." Nikamjibu kwamba kitu cha mtumba hakina dhamana, ndivyo biashara ilivyo. Basi akaketi kwenye benchi langu mpaka adhuhuri, na kila aliyeingia akamkaribisha: "Karibu, hapa wanauza makabati." Tukaishia kwa mwenyekiti wa mtaa. Nikamrudishia 100,000, naye akaondoka na friji yake vilevile mbovu. Sasa mtaa mzima naitwa Fundi Kabati.

Shemeji yangu, aliyeweka 1,500,000 kwenye biashara hii, anasema kosa langu ni kutokuwa na kibao. Anataka tuandike ukutani "Mali ikishauzwa hairudishwi". Ameshaleta pia stika za kampuni kubwa kutoka Dar, tuzibandike milangoni baada ya kupiga rangi, vitu vionekane vya mwaka huu. Mafundi wenzangu nao wanasema nikianza kutoa waranti nitawaharibia soko, wateja wataidai kwa kila mtu. Na wiki mbili zilizopita askari walikuja kuulizia tivii niliyoinunua kwa kijana nisiyemjua hata jina. Usiku ule sikulala. Mke wangu anasema niachane na vyuma vya watu, niingie kwenye dagaa kama kaka zake.

Mjomba, dhamana nitoe au nisitoe? Na hivi kazi ya vitu vilivyotumika inaweza kuwa biashara ya kueleweka, yenye heshima kama duka la vipya, au nitabangaiza hivi mpaka uzee?

Fundi Kabati,
Mwanga, Kigoma

JIBU

Marahaba, mpwa wangu.

Nisamehe, nimecheka. Huyo mama ana akili ya biashara kuliko wewe na shemeji yako mkijumlishwa. Lakini kabla ya dhamana, vibao na shemeji, nikuulize swali la fundi kwa fundi, maana nami nilikaa karakana miaka mingi kabla ya kushika kalamu: ulipoifungua ile friji, uliutafuta uvujaji, au uliongeza gesi tu?

Nauliza kwa sababu ya hizo siku 19. Friji iliyoongezewa gesi bila tundu kuzibwa haifi ghafla. Kwanza barafu inaganda upande mmoja tu wa frizi. Kisha kompresa inanguruma mchana kutwa na usiku kucha, haipumziki. Kisha maji yanakuwa ya uvuguvugu, mwenye friji anadhani watoto hawafungi mlango. Mwisho ni kabati. Tundu dogo linachukua wiki mbili tatu kumaliza safari hiyo, na wewe siku ya kuuza unaona baridi kali, unaapa kwa moyo mweupe kwamba ni kama mpya. Hukumdanganya mama kwa makusudi. Ulijidanganya mwenyewe kwanza, yeye akafuatia.

Na hata kama tundu uliliziba, yapo mengine. Mfumo ukishafunguliwa, filta inabadilishwa. Ile ya zamani imeshakunywa unyevu. Hewa inatolewa kwa pampu ya vakyumu, haisukumwi nje kwa gesi yenyewe kama tulivyofundishwa na wazee wetu waliokuwa hawana pampu. Gesi inapimwa kwa mizani, kwa gramu, haipimwi kwa kushika bomba na kusikilizia ubaridi. Na lebo inasomwa. Friji iliyoandikwa gesi ya R600a ukiitilia gesi ya R134a kwa sababu ndiyo iliyopo kwenye mtungi wako, umeipa kompresa mzigo usio wake, na mafuta yaliyomo ndani hayaendani na gesi hiyo. Itagandisha siku ya kwanza, itakuaibisha baadaye. Tena R600a inashika moto. Usiisogelee na tochi ya kuchomea kabla hujaitoa yote na kufungua madirisha.

Sasa swali lako kubwa, kama kazi hii inaweza kuwa ya kueleweka. Inaweza, na kinachokosekana kwako wala si mtaji. Ni maandishi. Duka la vipya linaheshimiwa kwa sababu mteja anajua anachonunua: kuna boksi, kuna lebo, kuna risiti, kuna pa kurudi. Kwako anapewa maneno mawili, "kama mpya", ambayo hayana maana yoyote. Mpya kama nini? Kila friji inayotoka karakana yako ining'inizwe kadi, iandikwe kwa Kiswahili cha kawaida, mfano hivi:

"Friji namba 14. Imetoka nyumba ya wageni. Imebadilishwa filta, thamostati na raba ya mlango wa chini. Kompresa ni ileile ya mwanzo. Gesi R134a, gramu 110. Imewashwa saa 48 mfululizo: frizi nyuzi 17 chini ya sifuri, chini nyuzi 4. Inakula uniti 1.8 kwa siku. Kasoro: mkwaruzo ubavu wa kushoto, taa ya ndani haiwaki."

Soma tena hapo kwenye kasoro. Mteja akiona umemwambia taa haiwaki, anaanza kukuamini kuhusu kompresa.

Kwenye uniti nako usiruke. Ile mita ndogo ya kuchomeka ukutani inayohesabu umeme si ghali, na itakuuzia friji kuliko rangi. Fikiria nyumba inayolipa LUKU ya bei nafuu, ile ya matumizi yasiyozidi uniti 75 kwa mwezi. Friji chakavu inayokula uniti mbili na nusu kwa siku inazimaliza hizo 75 peke yake, kabla mtu hajawasha hata taa, na kuanzia hapo kila uniti inapanda bei. Kwa hiyo kuna friji utakazozitengeneza vizuri kabisa na bado zikamtia mtu hasara. Hizo usiziuze zima. Zitoe spea.

Nami nakusisitizia hilo la kutoa spea, kwa sababu mafundi wetu wanaona aibu kukataa kitu. Friji inayovuja ndani ya ukuta wa povu, acha. Utakata povu, utaunga bomba, na baada ya mwezi itarudi. Nunua kama mfu, kwa bei ya mfu: kompresa, feni, rafu, raba, bawaba. Mabaki yasichomwe ufukweni kutafuta shaba, na gesi isiachiwe hewani. Taka za vifaa vya umeme zina kanuni zake za nchi tangu mwaka 2021, na karakana ikikua, watu wa mazingira watafika.

Dhamana, ndiyo, utatoa. Lakini itoe kwa hesabu, usiitoe kwa huruma. Gesi na kompresa mpe miezi mitatu. Uvujaji uliojificha utakuwa umejitokeza. Vingine vyote siku 30. Weka sharti moja, friji ichomekwe kwenye kinga ya umeme, ile tunayoiita friji gadi. Kigoma mmeishi miaka na majenereta ya dizeli kabla ya kuunganishwa na gridi ya taifa, mnajua umeme unavyokatika na kurudi papo hapo. Kompresa ikitaka kuwaka presha ikiwa bado haijashuka, inakwama na kuungua. Kinga inaisubirisha dakika chache. Uza kinga hiyo pamoja na friji, kwenye bei ileile, usimwachie mteja akainunue "baadaye".

Kisha kila friji unayouza, tenga 10,000 kwenye kopo au namba ya simu usiyoigusa. Ukiuza nne kwa mwezi una 40,000. Ikirudi moja, filta na gesi zitapatikana humo bila kugusa hela ya kodi. Zikirudi mbili kati ya nne, usilaumu dhamana. Kaa na vijana wako muangalie mikono yenu. Na aliyetengeneza asiwe ndiye anayepitisha. Kijana mmoja atengeneze, mwingine apime na kusaini kadi. Wakigombana kidogo ni vizuri.

Wenzako wanaosema utawaharibia soko, waelewe. Wanaogopa kwa sababu kila mmoja amesimama peke yake. Waite mkae. Msianze na katiba na mihuri, anzeni na pampu moja ya vakyumu na mizani moja ya gesi mnayochangia, ikae kwa anayeaminika. Mkishazoea kutumia kifaa kimoja, kubalianeni na kadi moja, madaraja yaleyale ya ubora, dhamana ileile, ili friji iliyouzwa Mwanga ikilala Buzebazeba, fundi wa huko aipokee na mkahesabiana wenyewe. Hapo ndipo mnakuwa sekta. Kabla ya hapo ni watu kumi wenye bisibisi. Kikundi kilichosajiliwa kinaweza pia kuomba mkopo wa halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani inayogawiwa wanawake 4, vijana 4 na wenye ulemavu 2.

Wenzetu wa mbali nao walianzia kwenye mpangilio huohuo. Kuna mji wa Uswidi, Eskilstuna, uliofungua mwaka 2015 jengo zima la maduka, ReTuna, ambako kinachouzwa ni vitu vilivyotumika. Lipo jirani na mahali watu wanapopeleka vitu wasivyovitaka. Vinachambuliwa pale, vinapelekwa kwa maduka yanayovitengeneza na kuviuza. Ufaransa nayo mwaka 2021 iliwalazimisha wauzaji wa baadhi ya vifaa, simu na kompyuta za mkononi zikiwemo, kuonyesha alama hadi 10 ya jinsi kifaa kinavyotengenezeka. Sikwambii usubiri serikali ikuwekee alama. Alama ya kwako unaijua tayari, unajua friji zipi zina spea mjini na zipi kipuri chake kinangojwa wiki tatu kutoka Kariakoo. Iandike kwenye kadi.

Ila mfano ninaoupenda uko hapohapo kwenu ziwani. Meli ya Liemba, mpwa wangu, ni kitu kilichotumika. Wajerumani waliizamisha mwaka 1916 ili isiangukie mikononi mwa adui, lakini mafundi wao wakazipaka injini grisi nzito kwanza. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini. Waliopaka ile grisi walijua kuna fundi mwingine atakuja, hata kama hawakumpenda. Wewe bandika karatasi nyuma ya friji, karibu na kompresa: tarehe, gesi, gramu, kilichobadilishwa. Fundi wa Kasulu au wa Kalemie atakayeifungua miaka mitatu ijayo asianze kubahatisha.

Shemeji. Kibao chake hakikukingi. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na maandishi ya ukutani hayaifuti sheria. Halafu kinamwambia mteja kwamba hata wewe huiamini mali yako. Stika ndizo mbaya zaidi. Kubandika nembo ya kampuni kwenye friji ambayo si yao ni kutengeneza bidhaa bandia, na Tume ya Ushindani inakamata vitu hivyo. Zichome leo. Shemeji mheshimu kama mwenye mtaji, muonyeshe hesabu kila mwezi, ila mlango wa karakana abishe hodi.

La tivii limenitia wasiwasi kuliko friji. Kupokea mali ya wizi ni kosa kwenye Kanuni ya Adhabu, na "simjui hata jina" ndiyo jibu baya kuliko yote mbele ya askari. Nunua daftari gumu leo. Kila unachonunua: jina la muuzaji, namba ya kitambulisho cha NIDA, simu, namba ya kifaa iliyo nyuma, bei, sahihi. Asiye na kitambulisho aje na barua ya mwenyekiti wa mtaa. Anayekimbia akiona daftari, mwache akimbie. Daftari lifungiwe kabatini, taarifa za watu zina sheria yake tangu mwaka 2022. Na siku ukishawishika kuingia kwenye simu, bonyeza *#06# kabla ya kutoa hela, linganisha namba ya utambulisho wa simu (IMEI) itakayotokea na iliyo kwenye boksi. Mwaka 2016 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilizima simu feki nchi nzima, na wengi waliolia ni waliokuwa wamezinunua kwa nia njema.

Cheti kipo njia yake, na huhitaji kukaa darasani miaka. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wana mpango wa kurasimisha ujuzi wa waliojifunzia kazini: wanakupima unachokijua, wanakuelekeza pengo lilipo, kisha wanakupa cheti. Nenda chuo cha VETA hapo Kigoma uulize awamu inayofuata. Nenda na vijana wako. Wewe utapita kwenye vitendo bila jasho. Kwenye usalama wa gesi ndiko nadhani watakubana, na wakubane. Ukiwa na cheti, leseni na namba ya mlipakodi, unaweza kuandikia shule na nyumba za wageni kwamba unanunua na kuhudumia friji zao kwa mkataba. Kazi za namna hiyo hazipewi mtu asiye na karatasi, hata awe na mkono wa dhahabu.

Mkeo usimpuuze. Dagaa wana msimu, wana mvua, wana ziwa kufungwa. Si kweli kwamba ni hela ya kulala. Lakini anachokulilia ni aibu ya benchi na usiku wa askari. Mwonyeshe daftari likijaa mwezi mmoja kisha mzungumze upya. Tena kama anaandika vizuri, mpe yeye kazi ya kadi.



Mwisho, Katonga. Usimwite mama aje, nenda wewe, na usiende Jumamosi wakati amebanwa na wavuvi. Beba sabuni ya povu, mita, filta mpya, na gesi inayolingana na lebo, uazime pampu popote ilipo. Mwombe radhi mbele ya watu walewale waliosikia habari ya makabati. Tengeneza hapohapo au ichukue urudi nayo, usimdai hata shilingi. 100,000 uliyompa ihesabu kuwa ada ya shule. Mpe na kadi. Akikubali kuketi tena kwenye benchi lako siku moja kusema friji inagandisha, umepata tangazo.

Kisha niandikie tundu ulilikutia wapi. Mimi nabashiri ni pale ulipobana na kuchomea bomba la kujazia gesi, kwa sababu hapo ndipo nilipokuwa naharibu na mimi.

Mjomba wako